Kabla ya kununua mche, pima mahali: jua, mwamba na chumvi ya Mombasa

Kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara ya kwenda Malindi, swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: "Huu unakubali Mombasa?" Muuzaji hujibu kwamba unakubali, na mara nyingi anasema kweli. Mlimau unakubali Mombasa. Mwembe unakubali, mpapai unakubali, hata waridi lina watu wanaolikuza likapendeza. Lakini mche haupandwi Mombasa nzima. Unapandwa hatua mbili kutoka ukuta wa jirani, juu ya mwamba ulio shibiri moja chini ya mchanga, na unanyweshwa maji ya kisima. Hapo ndipo maisha yake yanapoamuliwa.

Ua mmoja tu unaweza kuwa na hali nne za kukuzia mimea, na kila mahali pana kizuizi kimoja kinachobana kuliko vingine. Katika karne ya 19 mwanakemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, alieneza kanuni kwamba ukuaji wa mmea huwekewa mpaka na kirutubisho kilicho haba zaidi, hata kama vingine vimejaa tele. Ukiichukua kanuni hiyo ukaipeleka hadi kwenye jua, nafasi ya mizizi na maji, utaelewa kwa nini samadi nyingi humwagwa bure katika nyua zetu. Bamia iliyokosa jua haiponywi kwa mbolea.

Kwa hiyo upimaji una mpangilio. Anza na vitu usivyoweza kuvibadilisha: jua, kina cha udongo, upepo. Kisha pima vile unavyoweza kuvipunguza makali kwa gharama: chumvi ya maji na chokaa ya udongo. Rutuba iwe ya mwisho, maana hiyo ndiyo rahisi kuongeza. Watu wengi huanza na rutuba, na hapo ndipo pesa zinapopotea.

Jua ndilo linalopimwa vibaya kuliko yote. Mtu hutoka nje saa nne asubuhi siku moja ya Januari, akaona kipembe cha ua kinawaka, akaamua hapo ndipo pa nyanya. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini na vivuli huangukia kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo hugeuka. Kwa ukuta wa mita 3 uliojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi, kivuli cha mchana mwishoni mwa Juni hufika kama mita moja na nusu upande wa kusini. Mwishoni mwa Desemba kivuli hicho hufika kama mita 1, lakini sasa kimehamia kaskazini. Tuta lililo chini ya ukuta huo upande wa kusini linapata kivuli cha mchana wakati wa kipupwe, kisha wakati wa kaskazi linapigwa na jua la utosini na joto linalorudi kutoka kwenye mawe ya ukuta. Dania itapendeza hapo Juni na kuungua hapo Januari.

Ndiyo maana ushauri wa bustani unaotoka Ulaya, wa kutafuta ukuta unaotazama kusini ili mmea upate jua, unawapotosha watu wa hapa. Uliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo jua la mchana liko kusini mwaka mzima.

Kuijua kaskazini hakuhitaji dira katika mji huu. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Mombasa, kwa hiyo mihrabu ya msikiti wa mtaani kwako imeshakuonyesha. Saa nazo zinapatikana hukohuko. Kivuli kifupi kuliko vyote vya siku huonekana muda mfupi kabla ya wakati wa adhuhuri kuingia, kwenye saa sita na dakika ishirini hivi, kwa kupungua au kuzidi kama robo saa kulingana na mwezi. Wakati wa alasiri nao huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukijumlisha na kile kivuli kifupi cha mchana. Hesabu hiyo, ambayo watu wa pwani wameifuata kwa karne nyingi kwa ajili ya swala, ina faida kubwa kwa mwenye bustani: jengo la ghorofa tatu lenye mita 9, likiwa magharibi mwa ua wako, inapoingia alasiri linatupa kivuli kisichopungua mita 9 kuelekea upande wa mashariki. Kama ua wako ni mdogo kuliko hapo, jua lako limekwisha kabla ya saa kumi.

Upimaji wenyewe ni wa siku moja isiyo na mawingu. Chomeka vijiti kila panapokuvutia kupanda, halafu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni pita kila saa uandike kijiti kipi kina jua na kipi kina kivuli. Jumlisha. Saa 6 na zaidi za jua la moja kwa moja ni jua kamili, na hapo ndipo pa bamia, biringanya, pilipili, mlimau na mrihani. Saa 3 hadi 6 zinatosha mchicha, dania na sukuma wiki. Tangawizi na manjano huridhika na mwanga unaochujwa na majani ya mti. Chini ya saa 3, sahau matunda, tafuta mimea ya majani. Rudia zoezi hilo mara mbili kwa mwaka, karibu na Juni na karibu na Desemba, kwa sababu nilizozieleza. Anayeishi ghorofani na bustani yake ni ndoo kwenye roshani anaweza kunyoosha kiganja juu ya karatasi nyeupe mchana: kivuli chenye kingo kali ni mwanga mwingi, kilichofifia ni wa wastani, na kama hakuna kivuli kabisa, hapo mmea wa matunda hautazaa.

Kinachofuata kiko chini ya ardhi. Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa Nyali hadi Bamburi vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na udongo juu yake unaweza kuwa shibiri moja tu. Chukua chuma cha ujenzi chenye urefu wa mita moja, ukifunge utepe kila sentimita 10, ukipigilie chini kwa nyundo siku moja au mbili baada ya mvua. Kikigonga jiwe utasikia kwa mkono kabla ya kusikia kwa sikio. Andika kina, sogea nusu mita, piga tena. Usiridhike na vipimo viwili, kwa sababu mwamba wa matumbawe una mashimo na nyufa zilizojaa udongo: mahali pamoja chuma kitagonga kwenye sentimita 15, na hatua moja pembeni kitazama hadi 80. Mfuko wa udongo namna hiyo ni mali. Ndipo unapoweza kukaa mti wa matunda, na mkazi wa nyumba angeweza kuupita miaka yote bila kujua upo. Mchicha, dania na vitunguu vinaridhika na sentimita 20 hadi 25. Nyanya na biringanya zinataka 45 hadi 60. Mti wa matunda utafutie mita moja au ufa wa kuupeleka chini zaidi.

Mfano mkubwa kuliko wote wa kupima mahali kwanza uko hapahapa Bamburi. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalipoacha sakafu tupu ya mwamba, iliyo karibu na maji ya chini yenye chumvi, René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa Uswisi, alianza mwaka 1971 kuirudishia uhai. Aina nyingi za miti alizozijaribu zilikufa. Mvinje ulishika, kwa kuwa unavumilia chumvi na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo haukusubiri udongo wenye rutuba. Majani yake makavu yalipokuwa hayaozi, waliletwa majongoo wakayatafuna, na mboji ikaanza kujengeka juu ya jiwe. Leo pale ni Haller Park, msitu wenye twiga na viboko. Ulianza kwa kuuliza sakafu ile inakataza nini, kisha ukatafutwa mti usiojali katazo hilo.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mimea mingi ya mji huu inapofia. Maji ya bomba hayatoki kila siku, kwa hiyo wengi wetu tunamwagilia ya kisima. Ulimi hauaminiki kupima chumvi yake. Aliyekulia kwenye kisima fulani ameshakizoea. Tumia kalamu ndogo ya kupimia maji, ile ambayo wenye maduka ya kuchuja na kuuza maji huwa nayo. Inaonyesha miligramu za chumvichumvi katika kila lita. Kwa vipimo vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yaliyo chini ya miligramu 450 kwa lita hayana shida kwa kumwagilia. Kati ya 450 na 2000 yanahitaji tahadhari na uchaguzi wa mimea. Yakizidi 2000, mimea mingi ya bustani haitayastahimili.

Tuseme kalamu imesoma 1000. Ni kawaida kusikia mtu akisema hiyo si mbaya. Lakini miligramu 1000 kwa lita ni gramu 1, na ndoo ya lita 20 ina gramu 20. Ukimwagilia tuta moja ndoo moja kila siku kwa mwezi mzima wa kiangazi, umelipelekea gramu 600 za chumvi. Maji hupaa kwa joto, chumvi hubaki. Huo ndio ule unga mweupe unaotokea juu ya udongo na kwenye midomo ya vyungu mwezi Februari. Mvua za masika huisukuma chini ikiwa udongo unapitisha maji. Kwenye chungu kisicho na tundu haina pa kwenda. Pima basi mara mbili, Machi na Juni, maana kisima cha mwisho wa kaskazi, baada ya miezi mikavu na pampu nyingi, huwa na chumvi zaidi kuliko kisima hichohicho baada ya mvua.

Asiye na kalamu afanye hivi: aweke mbegu 20 za maharagwe juu ya kitambaa kilicholowa maji ya mvua, na nyingine 20 juu ya kitambaa kilicholowa maji ya kisima, avifunike, avilowanishe kila siku kwa maji yaleyale. Baada ya siku tano au sita atahesabu zilizoota na kulinganisha urefu wa mizizi. Maharagwe ni miongoni mwa mimea dhaifu kabisa kwa chumvi, pamoja na karoti, vitunguu na jamii ya malimau na machungwa. Nyanya ni ya katikati. Kunde na mkomamanga vinastahimili zaidi, na mnazi na mtende zaidi ya hapo.

Chokaa ya udongo inapimwa kwa siki ya jikoni. Twaa kijiko cha udongo mkavu, mimina siki, sogeza sikio. Ukichemka na kutoa povu, una unga wa matumbawe ndani, na kiwango chake cha pH, yaani kipimo cha uchachu, kwa kawaida kitakuwa juu ya 7.5. Jambo hili ni zito kwa sababu ushauri mwingi wa kilimo tunaousikiliza unatoka bara, kwenye udongo mwekundu wa nyanda za juu wenye uchachu, ambako mkulima huambiwa aongeze chokaa na majivu. Ukilifanya hilo kwenye udongo wa Tudor au Nyali unaongeza kile kilichokwisha kuzidi.

Mlimau wa shangazi yangu kule Kisauni ulikuwa na majani ya njano, naye alikuwa ameshaupa samadi, kisha yuria, kisha samadi tena. Aliniuliza, "Mwanangu, nimeulisha vyote, umekosa nini?" Jibu lilikuwa kwenye majani yenyewe. Yaliyokuwa ya njano ni machanga ya juu, na kila jani lilikuwa na mishipa ya kijani iliyochorwa vizuri juu ya njano. Huo ni upungufu wa chuma. Chuma kimo ardhini, ila katika udongo wa chokaa hugeuka hali ambayo mizizi haiwezi kukichukua. Laiti yangekuwa majani makuukuu ya chini yaliyopauka yote na mishipa yake, ingekuwa nitrojeni, na ile yuria ingesaidia. Na jani linaloungua ncha na kingo likawa la kahawia linalia chumvi, si njaa. Kulipa samadi zaidi ni kulizidishia, kwa kuwa samadi nayo ina chumvi zake. Mti wake tuliupa mbolea ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya udongo wa chokaa, tukafunika shina kwa mboji nene ya majani, na mahali pa mche wa pili aliokuwa ameuagiza akapanda mkomamanga.

Upepo ni rahisi. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ndiyo inayotoka baharini kwa nguvu, na kwa walio karibu na ufuo inakuja na rasharasha ya chumvi. Tazama vyuma vya madirisha: upande ulioliwa na kutu ndio upande ambao majani yataungua. Funga kitambaa chepesi kwenye kijiti, na uchunguze migomba ya jirani; palipochanika majani mpaka yakawa nyuzi, mpapai utavunjika.

Walio Mikindani, Jomvu na Miritini wana udongo wa namna nyingine kabisa, mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kutuamisha maji masika. Kwao tatizo si mwamba, ni maji kutopita. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache liishe, lijaze tena, kisha upime kwa rula maji yameshuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, mpapai utaoza mizizi hapo; inua tuta. Yakishuka zaidi ya 10, kama kwenye mchanga wa ufuoni, mbolea itapotea pamoja na maji, kwa hiyo toa kidogokidogo. Mchanga mwekundu wa vilima vilivyo nyuma ya ukanda wa matumbawe hupitisha maji na una kina, na ndiyo sababu mkorosho unapendeza huko.

Joto nalo linahitaji kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha siku. Cha kutazama zaidi ni usiku. Nyanya huangusha maua mchana ukizidi nyuzi 32 au usiku ukikaa juu ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Machi hapa ndio huo. Ugonjwa haupo. Mbegu ikisiwa mwishoni mwa masika, maua yanafika Julai na Agosti, miezi yetu ya baridi, nayo yanashika.

Kwa mvua, weka makopo matatu yenye kuta zilizonyooka: moja peupe, moja chini ya mwembe, moja karibu na ukuta. Pima kwa rula baada ya kila mvua. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Utashangaa lile la ukutani linavyopata kidogo upande unaokingwa na upepo, hata mwezi wa Mei ambao ndio wa mvua nyingi zaidi. Hesabu hiyohiyo itakuonyesha paa lako: mvua ya milimita 25 juu ya mabati ya mita 40 za mraba ni lita 1000 za maji yasiyo na chumvi, na hayo ndiyo ya kuwekea akiba miche michanga na maharagwe.

Vipimo vyote viandike kwenye karatasi moja iliyochorwa ua wako, kaskazini ikiwa juu, na kila mahali andika kizuizi chake kikubwa tu: "mwamba 15", "jua saa 3", "kusi". Nenda na karatasi hiyo kitaluni, umwonyeshe muuzaji, umuulize upi unakubali hapa. Ipime upya chumvi kila Machi, na siku jirani atakapoanza kumwaga nguzo za ghorofa upande wa magharibi, chora ramani nyingine ya vivuli kabla ya kununua chochote.